Ng'ombe wa Madumu wa Mwalimu Haingo

Niseme mapema kwamba mimi na gundi hatuivi chungu kimoja. Nimefundisha shule ya Antsahakely kwa chaki tangu kichwa changu kikiwa na nywele, na chaki haijawahi kunigandisha kwenye kiti mbele ya wanafunzi. Gundi imenigandisha. Gundi ilikuwa ya Mwalimu Haingo, kiti kilikuwa changu, na suruali ilikuwa ya kanisani.

Haingo alikuja kwetu kufundisha darasa la nne akiwa na sanduku moja la nguo na matatu ya takataka. Takataka hizo alizithamini kuliko nguo: mota za redio mbovu, vipande vya mipira ya maji, vioo vya miwani, nyaya za kila rangi. Kwake yeye somo lisiloshikika kwa mkono si somo. Watoto wakijifunza umeme, walichomeka misumari kwenye viazi mpaka taa ndogo ikawaka, halafu wakanuna kwa kukatazwa kuvila. Wakijifunza mito, uwanja ulifurika nami nikashindwa kufika chooni. Alikuwa na simu iliyopasuka kioo, na kwa simu hiyo alivipiga picha viluwiluwi vya mbu akavikuza ukutani, vikawa vikubwa hata mama mmoja aliyekuwa anapita dirishani akaangusha kapu la nyanya.

Nilimcheka sana, maana kucheka ni bure. Lakini darasa lake halikuwa na mtoro hata mmoja, na langu lilikuwa nao wa kutosha.

Shida ni kwamba Haingo hakuwa mwalimu wa serikali. Aliajiriwa na wazazi, akilipwa mpunga baada ya mavuno, kama walimu wengi wa huku kwetu milimani. Na wazazi wanaokuajiri kwa kunyoosha mkono wanaweza kukufukuza kwa kuushusha. Mwaka huo mwenyekiti wao, Bwana Randrianja, alikuwa na mpwa wake asiye na kazi, kijana mwenye mwandiko mzuri ajabu. Mwenyekiti alipita nyumba kwa nyumba akiuliza kama kweli watu wanatoa mpunga wao ili watoto wakachezee madumu. Ikatangazwa kwamba Jumamosi ya mwisho wa muhula wazazi watakuja kumwona Haingo akifundisha, na somo likiisha watapiga kura, abaki au aende.

"Nikiondoka hapa narudi Antananarivo kuuza mitumba kwenye kibanda cha dada yangu," aliniambia tukiwa tunakunywa maji ya moto ya ukoko wa wali ofisini. "Na dada yangu namjua. Nitakunja suruali mpaka nife."

Nilimshauri afundishe kwa chaki siku hiyo moja tu, aandike ubaoni kwa herufi za kupendeza, kura ipite. Akanitazama kwa huruma. Akasema somo lake liko tayari, na litakuwa juu ya tumbo la ng'ombe.

Basi nikamwona huyo ng'ombe. Wanafunzi walimwita Mavokely kwa sababu alikuwa wa manjano, na alikuwa wa manjano kwa sababu mwili wake ulikuwa madumu ya mafuta ya kupikia yaliyofungwa kwenye fremu ya mianzi. Nundu ilikuwa sufuria kuukuu ya alumini kutoka Ambatolampy iliyogeuzwa. Meno yalikuwa mashine ya kusagia nyama, yenye mpini wa kuzungusha. Majani yakisagwa yaliteremka kwa mpira wa maji hadi dumu la kwanza, na pampu ya baiskeli ikayarudisha mdomoni. Yakisagwa tena yalipita dumu la pili, la tatu na la nne, yakaingia kwenye tyubu ndefu ya baiskeli iliyozungushwa-zungushwa, na mwishoni yakatokea pale yanapotokea siku zote. Kila mtoto alikuwa na kazi yake. Kazi ya kukinga beseni huko nyuma iligombewa mpaka ikabidi wapige kura ya vijiti, na Tsiry aliyeshinda akatembea wiki nzima kama waziri.

Juu ya hayo yote kulikuwa na mitambo. Fundi wa magari alimwazima Haingo kamera ndogo ya waya yenye taa mbele, ile ya kuchungulia ndani ya injini. Hiyo ingeingia tumboni pamoja na majani. Mwenye ukumbi wa video akamwazima projekta, ili kila kitakachoonekana ndani ya Mavokely kionekane kwenye shuka lililotundikwa ukutani. Umeme ungetoka kwenye betri ya lori. Betri hiyo ilikuwa mzee mwenzangu, haikuweza kuvuta hata saa moja. Tena mwenye projekta alionya kwamba ikishawashwa isizimwe, kwa sababu kuwaka tena huwa inategemea inavyojisikia.

Sasa hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Kwetu hakuna kikao bila kabary, hotuba ya heshima. Huwezi kusimama mbele za watu ukasema tu unachotaka kama unamwita kuku. Kwanza uombe radhi kwa kusimama, ujishushe, uwaondolee wote lawama, uwasalimu waliopo na waliotangulia, ndipo ukaribie jambo lenyewe, tena kwa kulizunguka. Na ukimaliza, upande wa pili lazima ujibu. Neno lisilojibiwa ni kushindwa. Wazazi walikuwa wamemwalika Mzee Ralaivao awasemee, na huyo ni bingwa. Harusini, misibani, siku za kuwatoa wafu makaburini na kuwavika sanda mpya, bila Ralaivao watu huona hawajafanya kitu. Anasemekana aliwahi kuomba radhi kwenye posa mpaka bibi harusi akasinzia.

Upande wa shule msemaji ni mimi. Haingo alinijia akiwa ameinamisha kichwa, akaniuliza kama hotuba yangu inaweza kuwa fupi, kwa ajili ya betri. Niliudhika. Nikamwambia hotuba fupi ni sawa na suruali fupi, mtu mzima haivai. Akasubiri hasira ipite, kisha akatoa wazo lake: nihutubie kwenye simu, yeye aipunguze kidogo, na siku hiyo sauti itoke mdomoni mwa Mavokely huku watoto wakijiandaa. Wazazi wangecheka na muda usingepotea. Nilikubali kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba nilitaka kusikia sauti yangu kwenye spika.

Nilikwenda kurekodi nyuma ya choo, mahali palipo na utulivu. Nilisema vizuri sana siku ile. Kuna sentensi moja niliyoitunga mwenyewe na bado naionea fahari: "Na yeyote atakayejiita mdogo hapa, mimi ni mdogo kuliko yeye. Kama yupo anayekataa, aseme." Haingo alikata hotuba yangu ikabaki mkia na masikio, lakini sentensi hiyo aliiacha. Simu akaiweka ndani ya kichwa cha ng'ombe, akakifunga kwa makaratasi na gundi. Kuiwasha ilikuwa ni kupenyeza kidole kwenye tundu la pua na kubonyeza. Kuizima, vivyo hivyo. Kazi hiyo alipewa Volatiana, mwenye kidole chembamba kuliko wote.

Jumamosi ikafika na baridi yake. Wazazi walikuja na kofia zao za majani na mashuka mabegani, wakakaa kwenye madawati ya watoto magoti yakiwa yamewafika kidevuni. Mpwa wa mwenyekiti alikaa mbele na kalamu mfukoni. Haingo akawasha projekta mapema ili ipate moto. Shuka likang'aa, na kila mtu akaligeukia.

Ndipo Mzee Ralaivao akasimama na fimbo yake.

Aliomba radhi kwa kusimama. Akaomba radhi kwa kofia yake, halafu kwa kuivua. Aliwaomba radhi wakubwa waliomtangulia, wadogo watakaomfuata, wanawake, wagonjwa waliobaki nyumbani, na mbwa aliyelala mlangoni ambaye alimkanyaga mkia akiingia. Kwa haki, alikuwa mtamu kumsikiliza. Watu waliitikia kila alipopumua. Haingo peke yake ndiye aliyekuwa akitazama betri, na uso wake ulizidi kupauka. Mwishowe mzee akasema yeye ni mdogo asiyestahili, amelirusha neno kwa wenye shule, na wenye shule walidake. Akakaa.

Haingo akampa Volatiana ishara, na kidole kikaingia puani.

Sikutegemea sauti yangu iwe hivyo. Ilipita kwenye spika, ikapita kwenye dumu, ikatoka nzito kama inatoka kisimani. Mavokely aliomba radhi. Aliwasalimu wakubwa kwa wadogo. Kisha akasema, "Na yeyote atakayejiita mdogo hapa, mimi ni mdogo kuliko yeye. Kama yupo anayekataa, aseme."

Hakuna aliyecheka. Mzee Ralaivao si mjinga, alijua fika kwamba ile ni mashine. Lakini neno ni neno, hata likitoka kwenye dumu, na hilo lilikuwa limeelekezwa kwake mbele ya kata nzima. Alisimama tena taratibu.

"Nakataa kwa heshima," alisema. "Mdogo ni mimi. Mimi ni punje ya mpunga iliyodondoka nje ya kapu."

Volatiana alipenyeza kidole kuizima simu. Haikuzimika. Akabonyeza tena, akabonyeza kwa nguvu, akamtazama mwalimu wake kwa macho ya kuomba msaada. Gundi ilikuwa imeteremka usiku ikakaukia kwenye kitufe. Mbaya zaidi, asubuhi walipokuwa wakifanya mazoezi walikuwa wameiweka simu irudie-rudie, na hakuna aliyekumbuka kuibadilisha. Mavokely akaanza upya. Aliomba radhi, akasalimu, akafika palepale: yeyote atakayejiita mdogo, yeye ni mdogo kuliko huyo.

Watu wakanong'ona. Mzee alishika fimbo sawasawa. "Basi mimi ni ganda la punje hiyo," alisema.

Ng'ombe akaomba radhi, akasalimu, akasema yeye ni mdogo kuliko huyo.

"Mimi ni utitiri aliye mgongoni mwa kuku aliyeikosa punje hiyo."

Ng'ombe akasema yeye ni mdogo kuliko huyo.

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kuikata hotuba katikati ni fedheha isiyofutika, na njia pekee ya kumnyamazisha Mavokely ilikuwa kumng'oa kichwa mbele ya wageni, jambo ambalo kwa ng'ombe anayeomba radhi lingeonekana vibaya sana. Mzee akawa kivuli cha utitiri. Akawa njaa ya utitiri. Jasho lilimtoka na baridi yote ile, sauti ikaanza kukwaruza, na kila alipofika chini kabisa alimkuta ng'ombe ameshatangulia. Mama mmoja nyuma yangu alimwambia jirani yake kwamba ng'ombe huyu ana adabu na anazungumza vizuri, wamwache awe anasemea shule badala ya Mwalimu Ratsimba. Mwalimu Ratsimba ni mimi. Niligeuka nikamtazama, na yeye akanipa karanga.

Kwenye shuka mwanga ulianza kuwa wa njano. Randrianja akatabasamu na kumgusa mpwa wake kiwiko. Nilimtazama Haingo nikaumia moyoni, kwa sababu alikuwa amekesha siku nyingi na yule ng'ombe na sasa alikuwa anapoteza kazi yake kwa hotuba yangu mwenyewe. Nilitaka kusimama niseme sauti ni yangu. Lakini kusimama kungenilazimu kuomba radhi kwanza.

Haingo alifikiri haraka kuliko mimi. Alichukua konzi la majani mabichi kwenye kapu, akaenda mbele ya Mavokely aliyekuwa ndio kwanza anaanza kusalimu wakubwa, akayashindilia mdomoni. Akaongeza jingine. Sauti ikazama ikawa mumunyo tu. Kisha akamgeukia mzee na kuinama.

"Mzee wangu, tuwie radhi," alisema. "Mgeni wako anakula."

Mzee Ralaivao alishusha fimbo. Alimtazama ng'ombe, akatutazama sisi. Hapa kwetu hata adui yako akishika kijiko unanyamaza, maana anayekula hasemeshwi, na anayemsemesha ndiye asiye na malezi. Nadhani sijawahi kuona mtu mwenye furaha ya kukalishwa kama yule. Alikaa, akaomba maji.

"Tutamngoja amalize," alisema. "Kula si jambo la haraka. Atamaliza lini?"

"Hilo ndilo somo letu, Mzee," alisema Haingo, na akapiga makofi.

Watoto walishika kila mmoja kazi yake. Mpini ukazunguka, meno yakasaga, na kamera ikazamishwa kooni. Kwenye shuka tukaona shimo la manjano lenye giza mwishoni, na majani yakiteremka kama watu wanaoshuka mlima na mizigo. Wazazi walisogea mbele na madawati yao. Mumunyo wa Mavokely uliendelea chini kwa chini, akiomba radhi huku anatafuna.

Dumu la kwanza lilipojaa, Volatiana alisema hapo ng'ombe anaweka tu, kama mtu aliyebeba chakula cha harusini kwenye shuka lake. Pampu ikavutwa, na majani yakapanda yakarudi mdomoni. Wazazi wakaguna. Kila mmoja wao amefuga ng'ombe na amemwona akicheua maisha yake yote, lakini hawakuwahi kuyaona majani yakipanda ngazi. Mzee Ralaivao alisahau kunywa maji yake.

"Naomba radhi kwa kuuliza nikiwa sistahili kuuliza," alianza, "na lawama zianguke mbali na wenye nyumba, na..."

Betri ikafa. Shuka likawa shuka. Kamera ilikuwa imefika dumu la pili, na kitu cha mwisho tulichokiona kilikuwa kitu kirefu chembamba kimesimama wima kati ya majani.

Randrianja alisimama palepale. Alisema kwa bahati mbaya muda umekwisha, mitambo imeonyesha uwezo wake, na sasa wazazi wameona wenyewe kwamba elimu inayotegemea betri huisha na betri. Angalau ubao hauzimiki. Watu wakakubali kwa vichwa, maana lilikuwa neno zuri, na mpwa wake akatoa kalamu mfukoni kana kwamba ataanza kazi saa hiyo.

Haingo hakumjibu. Alifungua kifuniko cha dumu la pili na kumwambia, "Mwenyekiti, karibu. Ingiza mkono."

"Niingize mkono wapi?"

"Tumboni. Pale tulipoishia."

Mwenyekiti hakutaka, lakini wazazi walikuwa wanamtazama, na kuogopa dumu mbele ya wapiga kura si jambo zuri. Alikunja mkono wa shati, akazamisha mkono mpaka kiwiko. Akawa na uso wa mtu anayekanyaga kitu gizani. Kisha uso ukabadilika, na mkono ukatoka na majani yaliyosagika, na katikati ya majani kulikuwa na msumari.

"Huo ulitoka kwenye majani mliyomwona akila," alisema Haingo. "Tsiry, mweleze."

Tsiry hakuliacha beseni lake, alieleza akiwa nalo. Alisema tumbo la pili ni kama wavu. Vitu vizito hubaki hapo, na ng'ombe hachagui, anameza msumari, anameza waya. Akasema tumbo hilo liko karibu sana na moyo, limetenganishwa na ukuta mwembamba tu, na tumbo likijikunja msumari husukumwa mbele. "Ng'ombe anaacha kula," alisema. "Anasimama amejikunja mgongo, hataki kuteremka mlima. Halafu anakufa, na watu wanasema karogwa."

Watu wakamgeukia mwenyekiti. Randrianja alikuwa na dume jekundu zuri kuliko yote ya huku, na lilikufa mwaka uliotangulia kwa namna hiyohiyo, mgongo umejikunja. Wote tuliokuwa mle tulijua kwamba tangu siku hiyo hasemi na kaka yake, kwa kuwa alimtuhumu kulilisha dawa. Kaka huyo alikuwa amekaa dawati la nyuma karibu na mlango. Mwenyekiti aliushika ule msumari, akaugeuza, akautazama muda mrefu.

"Nilijenga zizi jipya mwaka ule," alisema, si kwa sauti ya mwenyekiti. "Misumari ilimwagika."

Hakumtazama kaka yake, lakini kaka yake alisimama akaja mbele, akasema yeye ataushika mpini, watoto wamechoka. Basi ikawa ruhusa. Wazazi walimiminika. Waliingiza mikono dumu la tatu wakakuta matambara yaliyokunjwa-kunjwa yanakamua maji. Waliingiza mikono dumu la nne wakatoa vidole vinawawasha kwa maji ya ndimu, na mama yule wa karanga akaramba chake akasema hili nalipenda. Pampu ilivutwa na mtu mwenye miaka inayotosha kuwa babu wa pampu. Mpwa wa mwenyekiti alisogea kuchungulia nyuma ya ng'ombe wakati usiofaa, na Tsiry akasema kwa masikitiko makubwa kwamba beseni lake limekosa nusu. Shati lile lilikuwa jeupe.

Katikati ya vurugu hiyo majani yalimwisha Mavokely mdomoni. Sauti yangu ikatoka tena, safi kabisa, ikiomba radhi kwa wakubwa na wadogo. Watu wote wakaganda mikono ikiwa ndani ya madumu, wakamgeukia Mzee Ralaivao. Mgeni wake alikuwa amemaliza kula.

Mzee alisimama. Ng'ombe akafika kwenye sentensi yake, akasema yeyote atakayejiita mdogo yeye ni mdogo kuliko huyo, na kama yupo anayekataa aseme. Tukangoja. Mzee akatembea hadi ubavuni mwa Mavokely, akainama kwenye dumu la nne, akanusa.

"Sasa hili linafanya nini?" aliuliza.

Hivyo tu. Hakuomba radhi kwa mtu, hakutaja waliomtangulia, hakuzunguka popote. Mimi nimemjua mzee huyu tangu nikiwa mtoto na sijawahi kumsikia akisema sentensi moja peke yake. Watoto darasa zima wakamjibu kwa pamoja, kila mmoja akimwahi mwenzake, kwamba hilo ndilo tumbo lenyewe hasa, hapo ndipo chakula kinayeyushwa, na ni kama la kwetu sisi, hata lako, Babu.

Mzee Ralaivao alijishika tumbo lake na kulifikiria. Baadaye alimwomba Volatiana ampishe, akakaa kwenye dawati la mbele, fimbo katikati ya magoti.

"Nimekula matumbo ya ng'ombe miaka yote hii bila kujua ninachokula," alisema. "Huyu mwalimu abaki. Na ng'ombe wake pia abaki, maana sitaki isemwe kwenye kata hii kwamba nilimkimbia. Mwakani nitakuja na jibu lake. Lakini leo nataka kuona inavyotokea huko nyuma."

Randrianja ndiye aliyetakiwa kuitisha kura, na aliiitisha kwa kusimama tu na kunyoosha mkono wake juu, ukiwa bado una majani mpaka kwenye kiwiko. Wa kaka yake ulifuata, na mingine yote ikafuata, ikidondosha maji sakafuni. Haingo aligeukia ubao akalia, kisha akamwambia kaka wa mwenyekiti azungushe mpini taratibu, Mzee amekaa mbele anataka kuona.